Nusu Kichwa

Mimi sina subira, na sihitaji mtu wa kunikumbusha. Nauza ndoo, mabeseni, majagi na vyombo vyote vya plastiki unavyovijua, na mtaa mzima unaniita Mama Ndoo. Wengine wananiita hivyo kwa heshima. Wengine wanasema nikikasirika nasikika kama ndoo imeporomoka kwenye ngazi, na hayo ni yao. Ninachotaka kusimulia hapa si habari zangu, ni habari za jirani yangu msusi, ambaye saluni yake na duka langu vinatumia ukuta mmoja. Kwa ajili yake mwaka jana, msimu wa sikukuu umepamba moto, mimi mtu mzima mwenye wajukuu nilizunguka mtaani nimesukwa nusu kichwa. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujacheka.

Msusi mwenyewe tunamwita Kimya. Si jina alilopewa na wazazi wake, ni la mtaani, na lilimganda kwa sababu alikuwa na dada yake tuliyemwita Redio. Redio alikuwa haongei, alikuwa anatangaza. Unaingia saluni hujui kitu, unatoka unajua nani kaolewa, nani kaachika, nani kanunua kochi na halipiti mlangoni. Kimya akisema neno moja kabla ya mchana, Redio anasimamisha kazi na kuwauliza wateja kama nao wamesikia, au ni masikio yake tu.

Sasa, ndugu hawa wawili walikuwa na namna ya kusuka ambayo sijaiona kwingine. Wasusi wengine wakiwa wawili, kila mmoja anashika kichwa chake. Hawa walikuwa wanashika kichwa kimoja kwa pamoja. Kimya anasimama kushoto kwa mteja, upande wa dirishani, Redio anasimama kulia, upande wa ukutani. Wanapasua njia katikati kwa kitana, kisha kila mmoja anashughulika na upande wake. Walianza hivyo tangu utotoni. Mama yao alikuwa anakaa kwenye kigoda na kuwapa kichwa chake wajifunzie, nao wanakigombania, huyu anavuta huku, huyu anavuta kule, mpaka siku moja yule mama akachoka. Akachukua kitana, akajipasua njia kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni, akasema huku kwako, na huku kwako, na atakayevuka mpaka nitamchapa.

Hawakuvuka tena. Wakakua hivyo, wakafungua saluni hivyo, na wakapata wateja kwa ajili hiyo hiyo, maana nani asiyetaka kusukwa haraka? Saluni nyingine mtu bado anachanwa, kwao mwenzake ameshasimama anajitazama kwenye kioo. Na mistari yao ilikuwa inakutana katikati ya kichwa usijue mkono wa huyu umeishia wapi na wa yule umeanzia wapi.

Redio alifariki katikati ya mwaka. Aliumwa kichwa, akasema ni uchovu tu, akapelekwa hospitali, hakurudi. Sitaki kulisema sana hili. Mimi na yeye tulikuwa tunazozana kila asubuhi juu ya taka za mlangoni, nani kamfagilia mwenzake, na nilikuwa nazipenda zile kelele kuliko nilivyojua. Niliumia sana.

Kimya alifunga saluni, halafu akafungua. Miezi ile haikuwa na kazi kubwa. Aliosha watu nywele, akafumua, akawafunga watoto wa shule vifundo viwili vitatu. Kazi ya kichwa kizima ikija, alikuwa anasema mkono unamuuma, nenda kwa fulani. Watu walimwona anafungua mlango kila asubuhi, wakasema ameshapoa. Mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta nilijua hajapoa. Nilikuwa nasikia kiti kikivutwa na maji yakimwagwa, lakini sauti ya mtu nilikuwa siisikii siku nzima.

Halafu msimu ukaingia. Unajua mambo yanavyokuwa. Maduka yanawekwa taa za kuwaka na kuzima, mabango ya punguzo yanabandikwa hata kwenye vitu ambavyo havijapunguzwa, na watu wanakanyagana barabarani na mifuko. Fundi simu wa ng'ambo ya barabara alitoa spika lake kubwa nje, akalielekeza kwetu, zikawa nyimbo za furaha kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Mimi siwezi kulalamika, maana watu wakitarajia wageni wananunua vyombo. Na wanawake wote wanataka nywele.

Wateja wa siku zote walikuwa wanajua habari. Taabu ilikuwa kwa wale wanaoishi mbali, wanaorudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Hao hawakuwa na habari yoyote. Wanaingia saluni wamechangamka, wengine na zawadi mkononi, na swali lao la kwanza ni moja tu: "Mwenzako yuko wapi?" Kimya inabidi aseme. Akishasema, mteja anashika kifua, anakaa chini, anataka kusimuliwa ilianzaje, alisema nini mwisho, na nani alikuwepo. Akimaliza kulia anajifuta, anamwambia Kimya ajitahidi kufurahi, ni sikukuu. Anatoka. Kabla Kimya hajashika kitana, anaingia mwingine na swali lile lile. Ilikuwa ni kumzika dada yake upya kila siku, asubuhi na mchana.

Mimi ndiye niliyelazimisha asuke. Nilikwenda, nikakaa kwenye kiti, nikamwambia sitaki kusikia habari za mkono unaouma, mkono ule ule nimeuona jana ukibeba ndoo mbili za maji. Nataka mistari, ya kurudi nyuma, ya kawaida. Hakubisha. Alinipaka mafuta, akapasua njia katikati, akaanza.

Na alisuka, mwenzangu. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia kama zamani, nikasinzia. Nilipozinduka nikamsikia anajifuta mikono kwenye kitambaa, anakung'uta kitana, halafu anasema, "Karibu, anayefuata." Nikatazama kioo. Kushoto nilikuwa nimesukwa nimependeza. Kulia nywele zilikuwa zimesimama wima, utadhani zimetishwa.

Damu ilinichemka. Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake, na wanawake waliokuwa kwenye benchi wakaanza kucheka. Ndipo nikamwona kupitia kile kioo. Alikuwa amesimama pembeni, kitambaa mkononi, ametulia kabisa, anautazama upande wangu wa kulia. Hakuwa anacheza. Alikuwa amemaliza upande wake na anamsubiri dada yake amalize wa kwake. Wale waliokuwa wanacheka wakaona ninachokiona, wakanyamaza mmoja mmoja.

Kisha naye akaona. Alinitazama kichwa, akatazama ukutani pasipo na mtu, akaweka kitambaa juu ya meza taratibu. Akapita nyuma ya pazia, na mlango wa uani ukafunguka. Siku ile hakurudi tena.

Nyumbani mume wangu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimesukwa. Akanizunguka, akarudi mbele, akauliza kama ndiyo mtindo mpya na ni mpaka lini. Ana bahati nilikuwa nimechoka.

Kesho yake asubuhi Kimya alifungua mlango ili aoshe taulo, si kwa ajili ya wateja. Nilimwendea. Alipoona kichwa changu alifunika uso kwa mikono.

"Mama Ndoo, nisamehe. Nenda kwa msusi mwingine akumalizie. Nitakurudishia hela yako."

"Hela yangu kaa nayo. Nani kakwambia nataka msusi mwingine?"

"Siwezi kumaliza. Nafunga saluni. Kaka anakuja na lori mkesha wa sikukuu kuchukua viti na kioo. Nakwenda kukaa kwake, nitamsaidia mke wake na watoto."

Kaka yao namjua, dereva wa malori, mtu mwema, mwenye moyo, ila ni wale watu ambao ukilia mbele yao wanahamisha kitu. Ukuta ukilia atauhamisha. Kakaye anaishi mji wa mbali, na nilijua Kimya akishapakia viti vile kwenye lori hatasuka tena maisha yake yote. Angekuwa shangazi wa nyumbani, anayepika na kufua, anayesifiwa kwa upole.

"Na wewe unataka kwenda?" nikamuuliza.

Alikamua taulo moja, akalitandaza. "Sijui ninachotaka. Nataka msimu upite. Kila mtu ananiambia nifurahi. Zile nyimbo zinaanza asubuhi, na kila anayeingia ananiuliza dada yuko wapi. Nikifika katikati ya kichwa, mikono yangu inasimama yenyewe. Upande ule si wangu, Mama Ndoo. Sijawahi kusimama kule."

Ningeweza kumwambia ajikaze. Ndivyo tunavyoambiana wote, na tukishaambiana tunakwenda zetu nyumbani. Nikamwambia hivi: "Mimi sikuambii ufurahi. Ukitaka kulia, lia, una haki. Ila mimi nina nusu kichwa, na kichwa hiki kina fundi wake. Mpaka huyo kaka yako aje, nitakaa hivi hivi. Sifumui, sivai kilemba, sitii mguu kwa msusi mwingine. Utanikuta hapo dukani."

Alidhani natania. Hanijui vizuri, ingawa tumepakana miaka yote hiyo.

Basi nikauza ndoo na nusu kichwa. Kwanza watu walicheka, na mimi niliwajibu kila mmoja kwa kadiri yake. Mwingine akiniuliza kama umeme ulikatika katikati ya kusukwa, namwambia ndiyo, na kwako ulikatika ulipokuwa unaumbwa. Wasusi wengine wa mtaani walinijia kwa huruma wanimalizie bure, maana nilikuwa naitia aibu kazi yao. Nikawashukuru, nikawauzia majagi. Mume wangu alianza kutembea hatua chache mbele yangu tukienda sokoni. Wajukuu walinipiga picha.

Lakini kila aliyecheka mwisho wake aliuliza, na kila aliyeuliza nilimwambia. Nilimwambia kwamba Redio amefariki, na Kimya yupo, na mikono yake bado mizima, ila upande wa kulia umemshinda kwa sasa. Kwa hiyo watu wakajua. Na Kimya kila alipotoka kumwaga maji alinikuta nimekaa mlangoni pangu, upande wa kulia umeelekezwa kwake makusudi. Alikuwa anainamisha kichwa na kurudi ndani. Siku moja nikamwona bega linamtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alijizuia haraka, lakini nilishaona.

Jioni ya siku ile, jua halijazama bado, alikuja mlangoni kwangu, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake.

"Njoo," akasema. "Unanitia aibu."

Nilikaa kwenye kiti. Hakwenda upande wa ukutani. Alichofanya ni kukigeuza kile kiti, akaniweka uso nyuma, kisogo kwenye kioo, ili yeye abaki pale pale dirishani na upande wangu wa kulia umfikie alipo. Nikamwona ana akili. Akaanza. Nilipogeuzwa kujitazama, mistari ilikuwa imepinda yote inaelekea sikioni.

"Imepinda," nikasema.

"Najua."

"Fumua."

Alifumua, akasuka tena. Ikapinda tena, safari hii kwenda juu. Alikuwa amezoea kuanzia mbele na kwenda kushoto, na sasa kila kitu kilikuwa kinyume, vidole vinagongana. Akafumua. Katikati ya kufumua nikahisi tone sikioni, halafu jingine. Mimi ni mtu wa kulalamika hata mvua ikinigusa, lakini nilikaa pale machozi yake yakanidondokea mpaka shingoni, na sikusema ajikaze wala asijikaze. Mikono yake haikusimama. Alikuwa analia na anafumua, analia na anachana.

Halafu akaacha. Akakirudisha kiti kama kinavyotakiwa, uso wangu kwenye kioo. Nikamwona anazunguka nyuma yangu polepole, anafika upande wa ukutani. Sakafu ya pale imechakaa, rangi imetoka kwa miguu ya Redio ya miaka yote. Alisimama mbele ya ile alama bila kuikanyaga.

"Dada," akasema, sauti yake ndogo lakini wazi, "nipishe kidogo."

Alisubiri, kama mtu anavyosubiri mwenzake asogee. Kisha akaingia pale, akaweka miguu yote miwili, akashika nywele zangu.

Ilichukua muda. Redio angenimaliza nusu ya muda ule na habari za mtaa mzima juu. Kimya alikwenda mstari kwa mstari, akikosea anarudi, mara mbili alisimama akapumua, akaendelea. Alipofunga mstari wa mwisho nikatazama kioo. Upande wa kulia ulikuwa umekazwa zaidi kidogo, ukitazama kwa makini utajua. Lakini ilikuwa imenyooka yote, na katikati imekutana. Nikamwambia amenivuta ngozi mpaka nyusi zimepanda. Akasema itakaa sawa ukilala. Nilimkumbatia pale pale, na mimi si mtu wa kukumbatia watu ovyo.

Usidhani ikaishia hapo, mambo yakawa mazuri. Kesho yake alitaka kufunga tena, akaniambia nilikuwa mtu mmoja, na jirani, msimu ni wa watu wote. Tukakaa kwenye benchi lake, tukagawana kazi kama watu wazima. Nikamuuliza kitu gani kinamuumiza kuliko vyote. Akasema lile swali. Nikamwambia swali niachie mimi.

Kwa hiyo nikahamisha kiti changu kutoka mlangoni pangu mpaka mlangoni pake. Kila mgeni aliyekuja na mfuko na tabasamu, nilimpokea kabla hajakanyaga kizingiti. Nikampa taarifa, nikamwacha alie hapo nje, nikampa maji ya kunawa, ndoo ninazo, halafu nikamwambia: "Ndani unaingia kusukwa. Pole umeshatoa kwangu, nitaifikisha." Walitii. Mimi nikisema, watu wengi wanatii.

La spika nalo nililimaliza. Nilivuka barabara na beseni langu kubwa la kufulia nguo, nikalifunika lile spika lote. Fundi simu akatoka mbio akiuliza nimerukwa na akili au vipi. Nikamweleza ukuta unaopokea zile nyimbo zake una nani ndani. Kijana wa watu aliduwaa. Akasema hakujua, alidhani Redio amehama, kwa sababu alikuwa amezoea kumsikia akiimba kushindana na lile spika. Akaligeuza upande wa pili, na beseni akanirudishia limefutwa vumbi.

Kulia machozi, hilo Kimya alilipanga mwenyewe. Alisema hawezi kuzuia kutwa nzima, anapasuka kichwa. Basi mchana, baada ya kichwa fulani, anapita nyuma ya pazia, analia, ananawa uso, anarudi. Wateja tulishawaambia. Hakuna aliyemuuliza kulikoni wala kumsemesha maneno ya faraja. Mmoja alikuwa anamshikia kitana, wengine wanasubiri, na akirudi anakipokea na kuendelea alipoishia. Siku nyingine alikwenda mara mbili. Siku nyingine hakwenda, na jioni akaniambia hakukumbuka.

Kazi ikaenea. Watu waliona kichwa changu, kwa sababu kichwa changu wakati ule kilikuwa kimetazamwa kuliko cha kiongozi yeyote, na wakataka kuona kimemalizikaje. Wakaja. Kimya alikuwa si mwepesi kama walivyokuwa wawili, haiwezekani. Lakini alikuwa anavuka. Anasuka dirishani, anazunguka, anaingia ukutani, na siku zilivyokwenda hakusimama tena kuomba njia, aliingia tu kama mtu anayeingia chumba chake.

Kaka yake tukamsahau kabisa. Nasema kweli. Mkesha wa sikukuu saluni ilijaa mpaka benchi likatoka nje, viti vyote viwili vina watu, mmoja anasukwa na mwingine dawa imo kichwani. Nikasikia breki za lori. Akashuka na kamba begani, akaja mlangoni, akanikuta nimeketi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuchukua viti."

"Marahaba. Viti vina watu. Panga foleni."

"Mama, mimi sijaja kusukwa."

Tukaanza kubishana pale, mimi na yeye, yeye kwa adabu na mimi bila, na katika kubishana nikaacha zamu yangu. Mama mmoja mnene, wa mbali, mkoba mkubwa, akanipita mgongoni akaingia. Nilipogeuka alikuwa ameshafika katikati ya chumba, mikono ameinyoosha.

"Kimya, mwanangu," akasema, "mwenzako yuko wapi?"

 Kaka mtu akaacha kamba ikateleza begani. Nilitaka kuruka nimvute yule mama nje, lakini nilishachelewa.

Kimya alikuwa upande wa ukutani, mstari uko nusu. Hakuuachia.

"Dada amefariki, mama," akasema. "Katikati ya mwaka. Kichwa kilimuuma, tukampeleka hospitali, hakurudi."

Yule mama akashika kifua. Machozi yakamjaa.

"Kaa hapo kwenye benchi utulie," Kimya akaendelea, na vidole vyake vinaendelea. "Si wewe ambaye dada alikusuka pamoja na taulo?"

Mama wa watu akaduwaa, halafu mdomo ukaanza kumcheza. Kimya akawageukia waliokuwa kwenye benchi. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile tangu nimjue. Akasimulia kwamba mwaka mmoja dada yake alikuwa anatoa habari ya harusi moja, kanogewa, hatazami mikono, na taulo lilikuwa mabegani kwa huyu mama, lina nyuzi za pembeni. Redio akazisokota zile nyuzi ndani ya mistari, akakaza, akafunga. Mama akalipa, akaaga, akatoka na taulo linaning'inia mgongoni mpaka kituo cha basi.

"Na wewe ulikuwa wapi?" mtu akauliza.

"Nilikuwa upande wangu. Nilimwona tangu uzi wa kwanza."

"Ukanyamaza?"

"Mimi si ndiye Kimya?"

Kicheko kilichotoka mle ndani kilimfanya fundi simu atoke nje kutazama. Yule mama alicheka huku analia, anajipiga mapaja, anasema alishushwa kwenye basi na taulo lake. Kimya naye alikuwa anacheka, machozi yanamshuka, wala hakwenda nyuma ya pazia. Alijifuta kwa kiwiko na kushika mstari mwingine.

Kaka yake alikuwa ameegemea mlango anacheka mpaka anakohoa. Alipotulia akasema, "Hiyo hukuwahi kunisimulia."

"Hukuuliza. Kila ukipiga simu ulikuwa unaniambia nihame."

Akatazama viti, akatazama foleni, akanitazama mimi, nikamtazama vizuri ajue. Akaokota kamba yake.

"Kwa hiyo viti, dada?"

"Viti ni vya kazi, kaka. Na mimi pia ni wa kazi. Wasalimie watoto, waambie shangazi yao atakuja kuwaona sikukuu ikiisha, atakaa siku mbili tatu, halafu atarudi nyumbani kwake."

Alimwendea, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akatoka, akawasha gari. Nilimsaidia kurudi nyuma kwa kupiga makofi na kupiga kelele njia yote, na lori likaondoka tupu.